Kumtumaini Mungu Si Kumwamuru

Hapana neno linalosemwa na Wakristo wetu mara nyingi kuliko neno la kumtumaini Mungu, wala hapana neno linaloelezwa kwa uvivu zaidi. Husemwa msibani na husemwa harusini. Huandikwa juu ya magari ya abiria na juu ya milango ya maduka. Kwa kuwa kila mtu hulisema, hapana aulizaye maana yake. Na neno lisiloulizwa maana ni kama nyumba isiyo na mlinzi, aingiaye kwanza hujiita mwenyewe. Katika siku zetu walioingia ni watu wanaofundisha kwamba kumtumaini Mungu ni kumwamuru. Insha hii imeandikwa ili kuwatoa.

Sipendi nidhaniwe kuwa nasema kwa dharau ya dini. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa katika imani hiyo, na nataraji kuzikwa ndani yake. Nasema nikiwa ndani ya nyumba. Sisimami njiani nikiirushia mawe. Lakini mtu aliye ndani ndiye wa kwanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni, na akinyamaza kwa adabu nyumba huteketea.

Mafundisho ninayoyapinga nitayaeleza kwa haki, maana kumshinda mtu kwa kumsingizia si kushinda. Yasema hivi: Mungu ametoa ahadi, na ahadi ni deni. Mtu mwenye imani ya kutosha aweza kulidai deni hilo, na hapana budi alipwe. Kwa hiyo mwenye imani haugui, na akiugua hupona kwa kutamka. Mwenye imani si maskini, na kama ni maskini ni kwa sababu hakutoa sadaka ya kutosha, maana sadaka ni mbegu na mavuno yake ni fedha. Na mwenye imani hatumii dawa, au huiacha mara aombewapo, maana kumeza dawa ni kukiri shaka.

Msomaji atazame jinsi kamba hii ilivyosukwa. Mgonjwa akipona, sifa ni ya mhubiri. Asipopona, lawama ni ya mgonjwa, kwamba imani yake haikutimia. Mfanyabiashara akipata faida, mbegu imeota; akipata hasara, alipanda kwa mkono mzito. Hapana tukio lolote duniani liwezalo kuyakadhibisha mafundisho haya, maana kila tukio limeandaliwa jibu kabla ya kutukia. Mizani inayompa mwuzaji ushindi kila mara, ikikutwa sokoni, huchukuliwa na mwenyewe hutozwa faini. Ikikutwa madhabahuni, yaitwa imani.

Na tuanze na lugha, maana sisi tulio wanafunzi wa Kiswahili tuna shahidi wa kwanza mkononi mwetu. Kiswahili hakikuyachanganya mambo haya. Kina neno dai, na kina neno amuru. Yote mawili yana kazi yake mahakamani na jeshini. Lakini kwa habari ya mja na Mola wake kilichagua maneno mengine. Kilichagua imani na kuamini, ambayo ni ndugu wa amana na amani. Mtu awekaye amana kwa mwenziwe hutoka mikono mitupu, akirudi nyumbani bila wasiwasi kwa sababu amjua aliyemwachia. Hakai mlangoni akihesabu. Kilichagua kutegemea, neno lililo karibu na kuegemea. Aegemeaye ukuta hauamuru ukuta usogee. Huutia uzito wake wote, akapumzika. Tena kilichagua ujasiri, ambalo ndilo neno walilolitumia wafasiri wa Biblia kwa uhuru wa mwamini wa kusema mbele za Mungu. Jasiri husema lililo moyoni mwake bila kuficha. Lakini kusema bila hofu ni jambo moja, na kutoa amri ni jambo jingine. Mtoto aliye jasiri mbele ya baba yake huomba, hulia, hata hubisha. Haandiki hati ya madai.

Basi lugha imekwisha kutuonyesha mpaka. Na sasa tuangalie matunda, maana mti hujulikana kwayo.

Mnamo tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, katika uwanja wa michezo, watu waliokusanyika katika ibada walisukumana ili kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa na upako. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Sidhani kwamba watu wale walikuwa wajinga. Walikuwa akina mama na akina baba wenye madeni, wenye magonjwa, wenye wana wasio na kazi, na waliambiwa kwamba rehema ya Mungu imemwagwa chini mahali fulani, kwa kipimo, kwa dakika chache. Aaminiye kwamba rehema ina kipimo na dakika hana budi kumsukuma jirani yake. Kosa halikuanza miguuni. Lilianza katika fundisho.

Mwezi Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi. Kazi hiyo ilipoendelea, miili iliyotolewa ardhini ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Wafuasi wa kanisa moja walikuwa wamehimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Bwana wao; mhubiri na wenziwe walishitakiwa mahakamani. Najua kwamba wahubiri wa mafanikio watakasirika nikiyataja makaburi hayo karibu na jina lao. Watasema: sisi twawaahidi watu magari na nyumba, wale waliwaahidi kifo, yahusianaje? Yahusiana katika mzizi. Wote wawili wamefundisha kwamba akili aliyopewa mtu na Muumba ni adui wa imani yake, na kwamba kadiri mtu anavyoziacha njia za kawaida, ndivyo Mungu anavyolazimika kumjia. Mmoja ameacha dawa na mwingine ameacha chakula. Umbali baina yao ni mwendo wa njia ile ile.

Wala sikuhitaji kwenda Shakahola ili kuijua njia hiyo. Mama yangu mdogo, aliyenilea miaka mitatu nilipokuwa shuleni, alikuwa na maradhi ya shinikizo la damu. Alikuwa akimeza vidonge vyake kila asubuhi baada ya sala, akanawa uso, akaenda shambani. Siku moja aliombewa katika mkutano, akaambiwa kwamba amepona na kwamba vidonge vile sasa ni ushuhuda wa shaka. Nilimkuta wiki ya tatu baada ya hapo. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, kisha akanionyesha kikopo cha dawa alichokifunga kwa kitambaa na kukiweka juu ya kabati. Nilimsihi. Akaniambia, “Mwanangu, nikimeza hivi nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba ni mwongo.” Nilikuwa kijana mwenye elimu, na sikuwa na jibu, nilisema habari za daktari, naye alikuwa akisema habari za Mungu, kwa hiyo hatukukutana. Kabla ya mwezi kwisha alianguka uani. Aliishi, lakini mkono wake wa kulia haukushika jembe tena, wala ulimi wake haukunyoka. Aliyemwombea hakuja kumwona. Lililoniuma zaidi ni neno alilolitamka kwa shida siku ile tuliyomrudisha nyumbani: kwamba imani yake ndiyo iliyokuwa ndogo.

Hilo ndilo jambo lililonitia kalamu mkononi. Mafundisho haya huchukua fedha, huchukua na afya, lakini hayo si makubwa ya hasara zake. Kubwa ni kwamba humpokonya mgonjwa Mungu wake siku ile ile anayomhitaji. Humwacha kitandani na hukumu badala ya faraja. Tumaini linalomwacha mtu siku ya taabu halikuwa tumaini tangu mwanzo.

Jibu nisilolijua siku ile nalijua leo, na nitalitoa. Kwanza, Maandiko yenyewe, ambayo wenzetu hawa huyapiga kwa kiganja wakihubiri, hayako upande wao. Twasoma jinsi mjaribu alivyompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, kwa kuwa ahadi ya ulinzi imeandikwa. Ahadi ilikuwa ya kweli, na aliyeambiwa alikuwa na imani kuliko wanadamu wote. Hata hivyo alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Hapo ndipo mambo mawili yaliyofanana kwa sura yalipotengwa milele. Kumtumaini Mungu ni kushuka kwa ngazi ukijua kwamba u mikononi mwake. Kumjaribu ni kuruka ili umlazimishe akudake. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa amesimama juu ya kinara, na sauti anayoirudia si ya Bwana.

Pili, mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba kwa machozi, na nabii Isaya akamletea neno kwamba atapona. Hilo lingetosha, lau kama mafundisho ya leo yangekuwa kweli. Lakini nabii yule yule aliagiza liletwe andazi la tini lipakwe juu ya jipu. Ahadi imetoka kwa Mungu na dawa imetoka kwa nabii, wala hapana aliyemshitaki nabii kwa shaka. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa sababu ya tumbo lake. Paulo huyo huyo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa mwilini, akanyimwa. Je, Paulo alikuwa na imani ndogo? Na Yesu aliomba bustanini kikombe kiondolewe, kisha akayakabidhi mapenzi yake kwa Baba, kikombe hakikuondolewa. Kama kila ombi lenye imani hutimizwa sawasawa na matamshi yake, basi hatuna budi kusema kwamba imani ilikosekana Gethsemane. Asiyethubutu kusema hivyo na aliache fundisho.

Tatu, tuitazame historia ya pwani yetu, maana iko habari moja ambayo sisi tunaoandika Kiswahili hatuna haki ya kuisahau. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie aliongoza misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwenda nchi za mto Shire, katika Malawi ya leo. Hapana aliyetilia shaka imani yake. Mwanzoni mwa 1862 alikuwa akisafiri kwa mtumbwi kwenda kukutana na Livingstone. Mtumbwi ulipinduka, sanduku la dawa likazama na kwinini ndani yake. Yeye na mwenziwe waliamua kukaa na kungoja pale mito ya Ruo na Shire inapokutana. Homa iliwashika, na tarehe 31 Januari askofu alikufa. Mwenziwe, Burrup, alimfuata muda mfupi baadaye. Mbu wa Shire hakuuliza kipimo cha imani. Mtu aliyependa kuwadhihaki angeweza kusema kwamba Mungu wao hakuwatosha. Na mhubiri wa siku zetu angelazimika kusema kwamba hawakuamini vya kutosha. Mimi nasema kwamba wote wawili wamekosa. Mackenzie alikufa kwa sababu kwinini ilizama. Na alikufa akimtumaini Mungu. Sentensi hizi mbili zakaa pamoja bila ugomvi, na asiyeweza kuzikalisha pamoja hajajua bado maana ya tumaini.

Habari haikuishia hapo. Mrithi wake, Askofu Tozer, aliiona nchi ile, akayahesabu makaburi, na mwaka 1864 akaihamishia misheni Unguja. Livingstone alikasirika sana, akaona kuwa huo ni woga. Lawama moja juu ya Tozer ina haki yake: wako watu walioponywa utumwani, waliolelewa na misheni, ambao kuondoka kwake kungewaacha bila ulinzi kama wengine wasingewashughulikia. Lakini kuondoka kwenyewe, je, kulikuwa upungufu wa imani? Tutazame kilichotokea. Pamoja na Tozer alikuja Edward Steere. Unguja Steere aliketi na wenyeji, akasikiliza, akaandika, akaanzisha kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kuifundisha lugha ya Kiswahili, na katika mwaka huo huo hadithi alizozikusanya kwa watu wa Unguja. Alilifasiri Agano Jipya. Na mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kazi ya watu wa Unguja pamoja na wanafunzi wao, naye Steere akiwa mmoja, ilikuwa imekwisha tengeneza njia. Lugha ninayoitumia kumpinga mhubiri wa mafanikio ni tunda, kwa sehemu, la askofu aliyerudi nyuma kwa busara. Kama Tozer angebaki Shire ili kuthibitisha imani yake, tungekuwa na makaburi zaidi na vitabu pungufu.

Steere huyo ndiye aliyelijenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likatiwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Alilifunika kanisa kwa kuba ndefu ya zege iliyochanganywa na mawe ya matumbawe, na yasimuliwa kwamba wako waliosema kuba hiyo itaanguka. Kuba ingali juu mpaka leo. Naomba msomaji afikiri: Steere aliomba, sina shaka, lakini pia alipima unene wa ukuta. Kama angeomba bila kupima, kuba ingewaangukia waabudu. Kama angepima bila tumaini, nani angefikiri kujenga nyumba ya sala juu ya ardhi iliyolowa machozi kiasi kile? Tumaini lilimpa jambo la kujenga, na hesabu ikamfundisha namna ya kulijenga. Wazee wa pwani walikwisha kusema kwamba jitihada haiondoi kudura. Nasi twaweza kuongeza kwamba kudura haimpi mtu ruhusa ya kuacha jitihada.

Nne, na hapa ndipo hoja ya wapinzani wangu inapovunjika kabisa, tuwatazame wale waliotumaini wala hawakuokolewa. Tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo, vijana wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, waliteketezwa kwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wangeweza kuikana imani wakaishi. Tarehe 16 Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenziwe kuandika barua ya kulalamikia mauaji yaliyokuwa yakitendeka nchini. Serikali ilisema kwamba ni ajali ya gari. Kaburi lilichimbwa Namirembe, lakini mwili ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, na watu wakakusanyika kuimba kando ya kaburi tupu. Ahadi gani ya mafanikio ilitimizwa kwa Luwum? Cheo alikuwa nacho, na angeweza kukilinda kwa kunyamaza. Tumaini lake halikumpa usalama. Lilimpa uwezo wa kusema. Huo ndio ujasiri, na si ule wa kupaza sauti katika kipaza sauti mbele ya watu wanaoshangilia.

Liko pia jambo zito kuliko hili, nami nalisema kwa unyenyekevu. Mwezi Aprili 1994 nchini Rwanda maelfu ya watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye na kwingineko, kwa kuwa katika machafuko ya miaka ya nyuma makanisa yalikuwa yamewahi kuwa kimbilio. Waliuawa humo humo, karibu na madhabahu. Wengi wao waliomba. Hapana awezaye kufikiri vingine. Basi namwita kila mwenye kufundisha kwamba Mungu humkinga kila aombaye kwa imani, aende Ntarama, aingie katika kanisa lile ambalo sasa ni mahali pa kumbukumbu, asimame mbele ya mifupa, atamke fundisho lake kwa sauti. Kama ulimi wake utakataa, asilitamke tena popote, wala mbele ya mwanamke mgonjwa uani kwake. Fundisho lisiloweza kusemwa mbele ya wafu si la kuwauzia walio hai.

Najua nitaulizwa: kama ni hivyo, tumaini lafaa nini? Kama mwenye kuomba afa kama asiyeomba, kwa nini aombe? Swali hili huulizwa na pande mbili. Mhubiri huliuliza kwa hasira, na mwenzangu wa chuo, asiye na dini, huliuliza kwa tabasamu. Ni ajabu jinsi wawili hawa wanavyokubaliana. Wote wamekwisha kuamua kwamba Mungu ana faida moja tu, nayo ni kuleta vitu. Mmoja asema huvileta, mwingine asema havileti. Lakini wamepima kwa kibaba kimoja. Mimi nakikataa kibaba chenyewe.

Vijana watatu wa Babeli walioletwa mbele ya tanuru walimjibu mfalme jibu ambalo latosha kuwa ukiri wa Mkristo. Walisema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, sanamu hawataisujudia. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo yahubiriwa kila Jumapili. Ya pili haihubiriwi, ilhali ndiyo yenye uzito. Tumaini lisilo na “hata asipo” ni biashara, na mfanyabiashara huhama akipata bei njema kwingine. Tumaini lenye “hata asipo” humtoa mtu mikononi mwa kila mwenye nguvu, maana hakubaki kitu cha kumtishia wala cha kumhonga. Hapo ndipo faida yake ilipo. Nebukadreza aliishiwa na maneno, na Amin pia.

Kwa mwenzangu wa chuo nina neno la ziada, kwa sababu husema kwamba dini imetufanya wavivu wa kungojea mbingu. Nakubali kwamba wako wavivu waliojificha katika sala, kama walivyo wavivu waliojificha katika falsafa. Lakini waliojenga hospitali za kwanza katika wilaya nyingi za nchi zetu, na waliokesha na wakoma wakati jamaa zao wamewakimbia, wengi wao walikuwa watu wa sala. Hawakujenga kwa kuwa walikosa tumaini. Walijenga kwa sababu mtu asiyeogopa kwamba kazi yake itapotea hufanya kazi ndefu kuliko maisha yake. Mwenye shaka hupanda mchicha. Mwenye tumaini hupanda mwembe, akijua kwamba huenda asiule.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa. Yasemwa kwamba kwa kuyashambulia mafundisho haya nawanyang’anya maskini faraja yao ya pekee, na kwamba ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kudharau miujiza. Neno hili lina ukweli, nami silikwepi. Mahali ambapo zahanati haina dawa na daktari yuko mbali mwendo wa siku nzima, mkutano wa maombezi ndio hospitali iliyo karibu. Serikali iliyoacha pengo hilo haina haki ya kumcheka anayelijaza. Wala sikanushi kwamba Mungu huponya. Nimeona wagonjwa wakipona ambao madaktari walikuwa wamewakatia tamaa, nami nilimshukuru Mungu bila kuuliza hati. Lakini maskini hafarijiwi kwa kuuziwa kitu kisichokuwapo kwa fedha yake ya mwisho. Mungu si Athumani, wasema wahenga. Hahongwi wala hapendelei mwenye bahasha nene. Anayemfundisha maskini kinyume cha hayo hakumpa faraja, amempa deni jipya juu ya madeni yake.

Basi Mkristo aishije kwa kumtumaini Mungu? Jibu langu ni dogo, na wapenda makuu halitawaridhisha. Aombe bila haya, ataje ugonjwa kwa jina lake na deni kwa kiasi chake, maana Baba hachoki kusikia. Kisha ainuke aende kwa daktari, alime shamba, apige hesabu, apime ukuta. Akipata, ashukuru wala asijisifu kwamba imani yake ndiyo iliyovuta. Akikosa, alie, maana kulia si kukufuru. Ayubu alilia na kubisha, na mwishoni waliokemewa ni rafiki zake waliokuwa na maelezo ya kila kitu. Asimpime jirani imani kwa afya yake wala kwa mfuko wake. Na ajapo mtu mwenye cheo akimtaka asujudu, akumbuke kwamba amekwisha kuegemea mahali pengine.

Mama yangu mdogo alifariki miaka saba baada ya kuanguka kwake. Katika miaka hiyo alirudia kumeza dawa kila asubuhi baada ya sala, kwa mkono wa kushoto. Siku moja nilipata ujasiri wa kumweleza habari za Hezekia na andazi la tini. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kwa ulimi wake mzito, “Na nabii ndiye aliyeagiza?” Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa polepole, akakitazama kikopo, akasema kwamba laiti mtu angemwambia mapema. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na sikuwa nimemwambia. Kwa hiyo sehemu ya lawama ninayoitupa juu ya wahubiri hao naichukua mwenyewe, na naigawa kwa wote tulioelimishwa tukaona kwamba mambo ya imani ya mama zetu si kazi yetu kuyajadili. Tuliwaacha peke yao na wapaza sauti. Na tuseme nao sasa, kwa lugha wanayoielewa, maadamu wangali wakiuliza.